Masikio Yaliyorudi Kwao

Akelo alipofungua mdomo kumwambia kwamba uji umepoa, Mashimba aliinua mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akaziba sikio.

Hakuziba kwa hasira. Ingekuwa hasira Akelo angeshukuru, maana hasira ni ya watu wanaojuana. Aliziba kama mtu anavyoziba sikio pikipiki mbovu inapopita dirishani, huku macho yake yakimtazama Akelo kwa upole ule ule wa zamani, kana kwamba anamuuliza: na wewe umeisikia hiyo kelele?

"Uji umepoa," Akelo alirudia, taratibu. "Fungua kinywa."

Mkono ukakaza sikio zaidi. Kijiko kikabaki hewani.

Mama Paskazia, mama mzazi wa Mashimba, alitokea jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Alimpita Akelo kama mtu anavyopita kiti, akainama, akamwambia mwanawe maneno yale yale, kwa Kiswahili kile kile, ila kwa mdomo wa Magu, kwa lafudhi ya Kisukuma. Mashimba alishusha mkono, akafungua kinywa kama kinda la ndege. Aliyeshika kijiko alikuwa Akelo, na aliyelisha alikuwa Akelo. Aliyesikika alikuwa mwingine.

"Unaona," alisema Mama Paskazia, na hakuongeza kitu.

Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mtu wa kanisa, sauti ya pili katika kwaya ya akina mama, na alikuwa amesamehe mengi duniani, yakiwemo ya marehemu mumewe ambayo hayakuwa mepesi. Kilichomshinda kusamehe ni binti wa watu kuzaliwa Rorya, kwa Wajaluo.

Kabla ya kiharusi, Mashimba alikuwa mtu wa masikio. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani katika soko la Mkuyuni, na wanawake walimpenda kwa sababu hakuwa na pupa ya kufungua mashine ya mtu. Alikuambia uiendeshe tu, yeye akafumba macho akasikiliza kama daktari aliyeweka kipimo kifuani. Halafu akasema, huyu ana kiu ya mafuta. Au, huyu mnamtesa kwa uzi mbaya. Akelo, muuza dagaa katika soko lile lile, alipeleka cherehani ya jirani yake siku moja, akamsalimia fundi kwa shikamoo kumtania, maana walikuwa rika moja. Lakini Wajaluo na ile sauti ya mwanzo ya shikamoo hawaelewani tangu enzi, na iliyotoka ni "sikamoo". Mashimba akacheka. Akamkaribisha akae, akasema "kalibu", maana Wasukuma nao wana deni lao na herufi. Akelo akacheka zaidi.

Walichekana midomo wiki nyingi. Kicheko kilipokwisha wakakuta kimeacha kitu kingine mahali pake, na kitu hicho hakikuwa cha kucheka.

"Siku hizi sikusikii tena ukikosea," Mashimba alimwambia siku moja wakiwa wamekaa kwenye mawe juu ya soko, ziwa likiwaka chini yao. "Ama umejirekebisha, ama masikio yangu yamehamia kwenu."

"Sijarekebisha chochote."

"Basi yamehamia. Uyatunze, sina mengine."

Mtu akiambiwa neno kama hilo na mwanamume mwenye mikono inayonukia mafuta ya mashine, kinachobaki ni kutafuta wazee. Barua ya uchumba ilipelekwa Rorya, ikapokelewa. Ng'ombe wa mahari walikuwa waende baada ya mavuno. Mama Paskazia alipinga, akalia, akafunga na kuomba, lakini Mungu siku hizo alikuwa na kazi nyingine.

Kisha Mashimba akaanguka. Walimkuta ameegemea cherehani ya mteja, gurudumu bado linazunguka.

Alipotoka hospitali, mguu na mkono wa kulia vilikuwa vya kubebwa. Usemi ulirudi kwa kudokoa. Kilianza Kisukuma, cha utotoni kabisa, kile cha kuomba maji na kuita mama. Kiswahili kikafuata, ila cha kuelewa tu. Cha kusema kiligoma. Alimwelewa mama yake. Alimwelewa mjomba Chenge. Aliwaelewa wanakwaya waliokuja kumwombea kwa sauti kubwa kana kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa kiziwi. Asiyeeleweka alikuwa mmoja.

Mwanzoni Akelo alidhani Mashimba anadeka. Halafu akadhani amelogwa. Alipokwisha kudhani yote, alimwendea Odeta, mtaalamu wa usemi katika hospitali alikolazwa Mashimba, dada wa Kihaya mwenye subira nyingi. Odeta alimvalisha Mashimba visikilizio, akamwekea sauti alizozirekodi. Mwalimu wa Magu akisoma habari fupi: Mashimba aliitikia kwa kichwa. Mtangazaji wa Pwani akisoma habari ile ile: alidaka nusu. Akelo akisoma habari ile ile: aligeuka kutazama mlango, kama anayengoja mtu aje kuondoa kitu.

"Dada Akelo, nisikilize vizuri, na usilie kabla sijamaliza," Odeta alimwambia. "Kiswahili si lugha ya kwanza kwake, wala kwako. Umewahi kucheza bao?"

"Nimeona wazee wakicheza."

"Basi. Mtoto akiwa anamsikiliza mama yake, ubongo unachonga vishimo, kila sauti na shimo lake. Akienda shule akakutana na Kiswahili, hapewi bao jipya. Anazitupa sauti za Kiswahili katika vishimo vile vile vya nyumbani. Ndiyo maana Msukuma akisikia Msukuma anasema Kiswahili, kete zinaingia zenyewe. Zako wewe hazikuwa na shimo kwake. Alichonga mapya, ukubwani, kwa ajili yako."

"Na sasa?"

"Damu ilipoziba, vya chini vimebaki. Vile vya juu juu, vya ukubwani, vimefukiwa. Sura yako anaijua. Anakupenda, nimemwona anavyokutazama ukiingia. Lakini ukisema, kete zinamwagika chini, na kwa mtu mgonjwa kelele ile inatisha."

Akelo alilia kidogo, kwa kuwa sasa aliruhusiwa. Kisha akauliza dawa.

Dawa ilikuwa chungu. Vishimo huchongwa kwa kusikia, Odeta alisema, na sikio haliponi kwa kupumzishwa. Aseme naye kila siku, kidogo kidogo, mambo mepesi, hata akiziba, hata akikasirika. Akiamua kunyamaza kwa kumwonea huruma, basi ajue huruma hiyo ndiyo itakayofukia kabisa. Kupona hakukuwa na ahadi. Kupotea ndiko kulikokuwa na ahadi.

Basi kila mchana, akitoka sokoni na harufu ya dagaa nguoni, Akelo alipanda ile njia ya mawe hadi nyumbani kwa Mama Paskazia, akaketi kitandani kwa mgonjwa, akasema. Alisimulia mvua iliyolowesha dagaa zikiwa juani. Alisimulia mteja aliyepimiwa kisha akataka kuonja tena, kana kwamba dagaa hubadilisha tabia kwenye kopo. Mashimba alimpokea kwa tabasamu la upande mmoja kila alipoingia, akamwangalia akivua viatu, akamnyooshea mkono. Hapo, kabla ya neno la kwanza, walikuwa wachumba kama zamani, na macho yao yalisemezana kila kitu ambacho macho huruhusiwa kusema mbele ya mama mtu. Kisha Akelo alifungua mdomo, na tabasamu likazimika kama taa ya tanesko umeme ukikatika.

Mara moja tu, Alhamisi moja, aliuacha mkono ulale kifuani. Akelo alisimulia nusu ya habari bila sikio kuzibwa. Alirudi chumbani kwake akaimba akiosha masufuria. Kesho yake mkono ulipanda kabla hajamaliza salamu.

Alijaribu na Kisukuma. Hili lilikuwa siri yake. Huwezi kuuza dagaa Mkuyuni miaka mingi, ukizungukwa na wanawake wa Kisukuma, usijue wanavyokusema. Akelo aliielewa lugha ile mpaka matusi ya chini kabisa, ila hakuwahi kuitamka, kwanza kwa kuogopa kuchekwa, na pili kwa sababu mfanyabiashara mwenye akili hafungui kila gunia. Siku Mama Paskazia alipokwenda kwaya alimwinamia Mashimba akamwambia kwa Kisukuma kwamba anampenda. Kisukuma kile, kikitoka katika mdomo wa Kijaluo, kilikuwa kibaya kuliko Kiswahili chake. Mgonjwa alivuta blanketi hadi machoni.

"Unamchoma mwanangu kwa mdomo," Mama Paskazia alimwambia jikoni. "Nyumba ikiungua ukapiga kelele, huyu atatoka? Mtoto akilia ukamwita baba yake, ataitika? Mimi sikukatai tena. Kichwa chake chenyewe kimekukataa."

Akelo alichukua bakuli la uji akaliosha. Jibu lilihitaji mdomo, na mdomo ndio ulioshitakiwa.

Rorya nako habari zilifika, na zilipofika zilikuwa zimenenepa. Kaka yake Okomo alikuja na basi la Musoma siku ya Jumapili, amevaa koti la harusini ili ubishi wake uwe na heshima. Alikataa kuingia ndani. Alisema si adabu kufika anakolala mtu aliyekusudia kumuoa dada yake. Alikaa juu ya jiwe nje ya nyumba, akakataa chai, akakubali chai, kisha akasema.

"Mzee anasema ng'ombe hawajatoka, kwa hiyo wewe hapa si mke. Ni mtumishi."

"Ni mgonjwa, kaka. Ng'ombe watatokaje?"

"Simlaumu kwa kuugua. Lakini Akelo, kuolewa na mtu asiyekusikia ni kuolewa na mlango. Na mlango nao una nafuu, ukiugonga unaitika."

Akelo alitazama chini. Okomo alimpenda dada yake, na sauti yake ilipungua ukali.

"Nakupa njia moja. Aseme mwenyewe. Aseme anakutaka na ubaki, hata kwa Kisukuma, uniletee jibu hapa. Nitarudi peke yangu na mzee nitamkabili. Akishindwa, au akisema vingine, kesho asubuhi tunapanda basi, na mlango huo hutaugonga tena. Mimi nakuamini. Hutaniletea uongo."

Hilo lilikuwa zito kuliko amri, kwa sababu lilikuwa la haki.

Wa kupeleka swali alikuwa Mama Paskazia, hakuna mwingine. Akelo alipomwomba, alikubali upesi mno. Paka akikubali upesi kulinda dagaa, mwenye dagaa hafurahi. Waliingia pamoja. Mashimba alikuwa ameketi, ameegemezwa mito, jua la alasiri limelala miguuni pake. Alimwona Akelo akatabasamu, na Akelo akamwangalia kwa kuiba, kama mtu anayekula haraka kabla sahani haijaondolewa. Kisha akasema, na mkono ukapanda sikioni.

"Mwambie kaka yangu amekuja kunichukua. Mwambie mimi sitaki kwenda. Aseme mwenyewe kama nibaki."

Mama Paskazia alitafsiri kwa Kisukuma. Akelo alitega sikio la siri, akilipima kila neno. Hakuna lililopunguzwa. Mwishoni aliongezewa moja ambalo hakuliomba: mama alimwambia mwanawe kwamba binti huyu hajaacha kuja, hata siku za mvua.

Mashimba alishusha mkono. Alipoanza kusema, maneno yalitoka polepole, kama ndoo inayovutwa kutoka kisima kirefu.

"Mama, mwambieni aende," alisema kwa Kisukuma. "Akelo akija akanyamaza, namwona Akelo. Halafu kuna kitu kinamwingia, kinaanza kusema, na Akelo anaondoka. Kila siku hivyo. Kinammaliza. Mimi naogopa. Kiondoeni."

Akelo aliusikia moyo wake ukishuka, na akauacha ushuke bila kuubadilisha uso, maana hakupaswa kuwa ameelewa. Aliusubiri mdomo wa mama. Ushindi ule mwanamke yule alikuwa ameufungia na kuuombea, na sasa umewekwa mkononi mwake na mwanawe mwenyewe, umemenywa tayari.

Mama Paskazia alikohoa. Alitazama ukuta. Alishika pindo la kanga yake akalikunja, akalikunjua.

"Anasema ubaki," alisema kwa Kiswahili. Aliona haikutosha, akaongeza. "Anasema anakutaka. Nenda kamwambie kaka yako."

Akelo alitoka, lakini hakwenda nje. Aliishia jikoni, akashika ukingo wa meza. Mama Paskazia alipomfuata kuona kulikoni, Akelo alisema bila kugeuka, kwa Kisukuma, kwa mdomo wake wa Rorya:

"Mama, nimesikia alivyosema."

Mama Paskazia alitafuta kigoda kwa mkono, akakaa.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Sokoni."

Jikoni hapo hapo, mbele ya Akelo akichambua mchele, Mama Paskazia alikuwa ameongea na jirani yake Dorotea mambo ambayo mtu huyaongea akiwa na uhakika wa ukuta. Sasa ukuta ulikuwa na masikio, tena ya miaka.

"Hata ile ya miguu yako ya korongo?"

"Hata ile."

"Na ile ya Pasaka?"

"Ile ilikuwa nzuri, mama. Nilicheka peke yangu njiani."

Mama Paskazia aliziba uso kwa kanga, na mabega yakamtikisika. Haikujulikana anacheka au analia, na pengine mwenyewe hakuwa ameamua.

"Kwa nini umenidanganya?" Akelo aliuliza. "Ulikuwa umeshinda."

"Nilitaka nikushinde mimi." Alijifuta macho. "Mimi nilikukataa nikiwa na akili zangu timamu, nina haki ya kukukataa. Yeye hajui anachokikataa. Kushinda kwa msaada wa ugonjwa, binti yangu, hata shetani angeona aibu. Na tena nisikufiche, mgongo wangu umechoka kumgeuza peke yangu." Kisha akaongeza polepole. "Baki. Hilo nalisema mimi, si yeye."

"Nikibaki nikisema, namtesa. Umesikia mwenyewe anavyoogopa. Nikinyamaza hatanisikia tena maisha yake yote. Na Okomo hataki neno lako, anataka lake. Siwezi kumpelekea uongo."

Mama Paskazia alikunja tena pindo la kanga yake.

"Akelo."

Sauti ilitoka chumbani. Ilikuwa nzito na imepinda upande mmoja, lakini jina lilikuwa kamili. Tangu augue hakuwahi kumwita kwa jina.

Alikwenda. Mashimba alikuwa ameuinamisha mwili kuelekea mlangoni kumtafuta, na alipomwona uso wake wote uliokuwa hai ukafunguka. Alipapasa kitanda kwa mkono mzima. Akelo akaketi.

"Umerudi," Mashimba alisema kwa Kisukuma, chini chini, kama anayempa siri. "Kilikuwa hapa sasa hivi. Nimewaambia wakiondoe, na kimeondoka. Usiogope."

Akelo alimtazama. Machozi yalimshuka, na Mashimba akayafuta kwa kidole gumba kilichokuwa bado na ugumu wa kazi. Harufu ya mafuta ya mashine ilikuwa imemtoka siku nyingi. Alinukia sabuni na dawa. Lakini macho yalikuwa yake, na yalikuwa yanamwona yeye, sio mwingine.

Nje, Okomo aliita. Aliuliza jibu ni lipi.

"Utakaa na mimi?" Mashimba aliuliza. "Nakutaka hapa. Usiende tena."

Ndiyo maneno yenyewe, neno kwa neno, ambayo kaka mtu aliyadai, na hayakuwa na uongo ndani yake. Akelo alitikisa kichwa kukubali.

"Mbona husemi?"

Hofu ndogo ilianza kumchungulia machoni. Akelo aliona ikija. Alikumbuka maneno ya Odeta, na akajua anachokifukia. Akabana midomo, akatabasamu, akalaza shavu lake kifuani kwa Mashimba, mahali ambapo moyo ulikuwa unapiga sawa pande zote, mpaka mkono wa kushoto ukashuka polepole ukatulia kichwani mwake.

Okomo aliita tena, kwa sauti zaidi. Akelo hakuitika. Alisikia kigoda kikisogezwa jikoni, kisha nyayo za Mama Paskazia zikipita ukumbini, na mlango wa nje ukifunguliwa.

"Mkwe," mama alisema huko nje kwa Kiswahili chake cha Magu, "usiite tena. Nisikilize mimi, nikuambie alivyosema mwanangu sasa hivi."